Ndugu Watano wa Boi Madoa

Mume wangu alikuwa na ndugu watano ambao hawakulijua jina lake. Wala sitii chumvi. Walifanya naye kazi miaka kumi na tisa katika chumba kimoja cha kufulia nguo za hoteli, wakala naye, wakazika naye, na mmoja wao alikuwa msimamizi wake siku tulipooana, akalisikia jina hilo likitamkwa mara mbili mbele ya umati mzima. Siku lilipohitajika, hakuna aliyekuwa nalo. Wote sita walikuwa wanaitana Boi.

Kwa asiyejua, boi ni neno ambalo Wazungu waliokuwa na hoteli ile zamani walimwitia mwanamume yeyote mweusi aliyeshika fagio, pasi au sinia. Ungekuwa na mvi, ungekuwa na wajukuu, kwao ulikuwa mtoto wa kiume wa kutumwa. Baba mkwe wangu alipiga pasi katika hoteli hiyo hiyo miaka thelathini na nne. Barua aliyopewa siku ya kuondoka ilimsifu kuwa ni boi mwaminifu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu.

Mzungu wa mwisho alipofungasha virago, wazee wa chumba cha kufulia walikaa kikao wakaamua kwamba neno lile sasa ni lao. Wamelinyang'anya. Wangeitana wenyewe kwa wenyewe, kwa kicheko, mpaka liishe makali. Na kwa kuwa wote wakiwa Boi kazi isingeenda, kila mmoja alipewa la pili kwa shughuli yake. Walioajiriwa baadaye wakalirithi neno pamoja na mashine. Wakati wa mume wangu kulikuwa na Boi Pasi, Boi Mvuke, Boi Shuka, Boi Taulo na Boi Toroli. Mume wangu, aliyekuwa fundi wa kuondoa madoa, akawa Boi Madoa. Hilo la pili halikuvuka mlango wa kufulia. Mimi mwenyewe nilikuja kulijua siku nitakayoisimulia.

Mfanyakazi mpya alikuwa na ada yake. Siku ya kwanza aliandika jina lake na la baba yake kwa kalamu ya wino kwenye foronya kuukuu, akasimama nayo katikati ya chumba. Wenzake wakapiga ndoo, na mtu wa madoa akalitoa jina lile kwa dawa zake mpaka foronya ikawa nyeupe. "Jina umeliacha mlangoni," walimwambia. Kuanzia hapo, atakayemwita mwenzake kwa jina humo ndani, chai ya siku hiyo ilikuwa juu yake. Kwa miaka kumi na tisa chai ya namna hiyo haikunyweka hata kikombe kimoja. Walijisifia jambo hilo kana kwamba wamejenga daraja.

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili. Kila asubuhi naita majina hamsini na matatu, na ole wake mtoto atakayemwitikia mwenzake. Labda ndiyo sababu. Hata nyumbani namwita mume wangu kwa jina lake, siyo Baba Nani, na majirani wamenisema mpaka wamechoka: mke gani huyo anamwita mumewe kama anaita mpangaji? Waseme. Jina alipewa na bibi yake aliyemlea, na ni zuri. Sitaliandika hapa. Atakayelitaka aje alijue kama watu wanavyojuana, kwa kuuliza.

Ugomvi wangu na neno lao ulianza Jumapili moja. Baba mkwe alikuwa anaishi nasi, macho yameshaingia ukungu, amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Wale watano walikuja kumjulia hali. Walipofika uani, Boi Pasi, mwenye sauti ya mnadani, akapaza: "Boi! We Boi! Toka nje!"

Alikuwa anamwita mume wangu. Aliyesimama ni mzee. Alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akafunga kifungo cha juu cha shati, akanyoosha mikono ubavuni, akajibu, "Naam, bwana."

Kisha akangoja aambiwe anatakiwa nini. Nilimshika mkono nikamkalisha. Nikamwambia, "Baba, hakuna bwana hapa."

"Ameshakwenda?" akaniuliza.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani amepoa. Niliingia uani na mwiko mkononi. Sikukusudia kumpiga mtu, nilikuwa napika tu, ila sikuona haja ya kuuweka chini.

"Shemeji, usituelewe vibaya," Boi Pasi akaanza. Huyo ndiye msemaji wao, na ukimwacha atahutubia hata nguo zilizoanikwa. "Neno lile lao na hili letu si moja. Adui akikujia na kisu ukampokonya, utakitupa? Si unakatia nyama?"

"Mzee ndani amekatwa sasa hivi," nikamwambia. "Kisu kilikuwa mkononi mwako."

"Yule ni wa zamani," Boi Shuka akasema polepole. "Wao liliwaumiza. Sisi tunalicheka."

"Licheke huko mnakofulia. Ukifika kizingiti changu, livue pamoja na viatu."

Jioni mume wangu alikuwa amenuna. Akasema nimewaaibisha wenzake. Akasema mimi sijui jinsi lilivyo humo ndani, kwenye mvuke, mtu akikuita Boi unajua hapa nipo na watu wangu. Hilo nililiamini, maana sura yake ilibadilika alipolisema. Nikamuuliza kama hakuwahi kutamani, hata siku moja, wamwite jina lake.

"Mimi sijali wananiitaje," akasema. "Neno ni neno tu." Akageukia ukutani. Mtu asiyejali huwa hageukii ukutani, lakini nilimwacha.

Tangu siku hiyo walipokuja kwangu waliitana "wewe" na "mwenzangu", kwa adabu ya watu waliokunywa dawa chungu. Huko kazini waliendelea kama kawaida. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Walilibeba jeneza lake wote, na kwa saa nne nzima hakuna aliyelitamka neno lile. Nikawaheshimu kidogo.

Heshima haikudumu. Akaletwa meneja mpya, mweusi kama sisi, mtoto wa mtaa wa pili kutoka kwetu. Akashuka chumba cha kufulia amekunja mikono ya shati, akasema, "Habari zenu, maboi!" Mara ya kwanza walimpigia makofi: huyu mwenzetu. Mara ya pili walicheka kidogo. Mara ya tatu alipiga simu kutoka ofisini akasema, "Boi, mashuka ya ghorofa ya nne mbona bado?" na aliyepokea akakimbia na mashuka. Wakabishana wiki mbili kama meneja ana haki ya kulitumia. Boi Mvuke alisema rangi anayo. Boi Taulo alisema pasi hana. Wakapatana kwamba anaruhusiwa akishuka kwa ngazi, haruhusiwi akipiga simu. Nani angemweleza meneja sheria hiyo, hawakupatana.

Halafu kulikuwa na mgeni mmoja wa Kizungu, kijana tu, aliyewasikia wakiitana na kufurahi, naye akataka kuwa wa nyumbani. Alipopokea shati lake akasema, "Asante, boi!" Nusura kuwe na mgomo. Alitakiwa kuomba radhi kwa maandishi, na barua yake ikabandikwa ukutani juu ya mashine ya kukausha. Sikatai, alistahili. Ila aliyebandikwa ukutani aliwaita mara moja, na mwenye simu anawaita kila siku.

Mume wangu alinisimulia yote hayo akicheka. Nilikuwa nikimwangalia macho, siyo meno.

Sasa tuje Jumamosi yenyewe. Nilikuwa nasahihisha madaftari, saa tano na nusu asubuhi, nikasikia hodi. Ni Boi Toroli, bado yuko ndani ya ovaroli, jasho linamtiririka.

"Shemeji, usishtuke," akasema, na hapo ndipo mtu hushtuka. "Mwenzetu kateleza kwenye maji ya sabuni. Kajigonga kichwa kwenye mashine. Wamemkimbiza hospitali kubwa."

"Anaongea?"

Akatazama viatu vyake. Nilichukua mkoba nikatoka bila kufunga mlango.

Pale mapokezi nilitaja jina la mume wangu. Karani akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena. "Hayupo."

Nilimtajia herufi moja moja, kama nafundisha.

"Mama, hayupo. Leo wameingia wanaume kumi na mmoja, jina hilo hamna." Akanisomea wote kwa huruma. Kati yao alisoma "B. Madoa". Nililiacha lipite kama mengine, nikahisi tu kwamba huyo naye ana ndugu zake wanamtafuta.

Karani akasema labda wamempeleka hospitali ya pili, watu huchanganya. Nikaenda ya pili, hayupo. Huko mtu mmoja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna sehemu moja zaidi ya kuangalia, kwa wale wasiojulikana. Nilijua ni wapi kabla hajanyoosha kidole. Mhudumu wa huko alikuwa mtu mpole, akanifunulia wawili. Nilishukuru Mungu kwa kuona nyuso za waume wa watu wengine, kisha nikaona haya kushukuru. Nilipotoka nje nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikalia kwa sauti, mtu mzima mimi.

Simu yake ilikuwa inaita tu. Baadaye nilijua ilikuwa kabatini hotelini, pamoja na kitambulisho chake, na ofisi yenye funguo za akiba haifunguliwi Jumamosi. Nikarudi hospitali kubwa, kwa kuwa sikuwa na pa kwenda.

Wote watano walikuwa pale, wamekaa kwenye benchi la ukumbi wa nje, kwenye mlango wa majeruhi ambao sikuupitia mara ya kwanza, Boi Toroli tayari ameshajiunga nao.

"Shemeji!" Boi Pasi akainuka. "Tumekungoja mpaka tumechoka. Ulikuwa wapi?"

Saa tatu zilikuwa zimepita. Sauti ilinitoka nisiyoijua. "Yuko wapi?"

"Ndani. Yuko hai. Hajazinduka."

"Mbona nimeambiwa hayupo? Mlimwandikisha jina gani?"

"Boi Madoa," akasema Boi Mvuke.

"Hilo ni jina la mtu?"

"Ndivyo tunavyomwita."

"Na jina lake?"

Nimewahi kuuliza watoto wa miaka minane nani kavunja kioo, na sijaona vichwa vikiinama namna ile. Boi Mvuke akajaribu, "Si linaanza na M?" Boi Shuka akasema hapana, siyo M. Boi Taulo alikuwa na hakika kwamba ni jina refu. Ni jina la silabi tatu. Nikamgeukia Boi Pasi.

"Wewe ulikuwa msimamizi wetu."

"Shemeji, siku ile nilikuwa nimeshika pete," akasema. "Akili yangu yote ilikuwa isianguke."

Akatoka muuguzi, binti mdogo mwenye macho yaliyochoka, amekumbatia faili jembamba. Akauliza kama mimi ni wa huyu mgonjwa. Nikalichungulia. Jina: Boi Madoa. Umri: haujulikani. Ndugu: hakuna.

"Hakuna?" nikasema. "Na hawa watano?"

"Niliwauliza, mama. Kila mmoja akaniambia ni ndugu yake wa damu. Nikauliza anaitwa nani, alizaliwa wapi, ana miaka mingapi, anatumia dawa gani. Wakaanza kunieleza habari za ukoloni." Akawatupia jicho. "Nikawaambia hilo ni tusi, mimi nataka jina. Wakasema wamelinyang'anya, sasa ni lao. Nikawaambia hata likiwa lenu, bado si jina, nikaliandika tu kwa kuwa sikupewa lingine."

Kumbe mume wangu alikuwa amelazwa kwenye machela ukumbini muda wote huo. Kipimo cha kichwa kilihitaji sahihi ya ndugu, na nani angesaini kwa mtu asiye na ndugu? Faili lake halisi, lenye miaka sita ya shinikizo la damu na dawa zake zote, lilikuwa rafuni vyumba viwili kutoka alipolala, chini ya jina ambalo watu watano walikuwa wamelifua. Nilisaini. Nililiandika jina lake kwa herufi kubwa, nikalirudia chini, hata pasipotakiwa.

Wakampima. Daktari, mzee kidogo, mwenye maneno machache, akanieleza kwamba kuna uvimbe ndani ya kichwa. "Akianza kuitika, akaonyesha anaelewa, tutamwacha apumzike na dawa. Asipoitika mpaka saa kumi, tutapasua. Na kwa shinikizo hilo la damu, sitaki kupasua. Mwite, mama."

Ilikuwa saa tisa na robo.

Nilikaa kando ya kitanda nikamwita jina lake. Nilimwita taratibu, kama ninavyomwamsha asubuhi. Nikamwita kwa sauti ya darasani. Nikamwita kwa jina lake na la baba yake, kisha jina la bibi yake pia. Hakutikisika. Mkono wake ulikuwa na harufu ya dawa za madoa, na ngozi ya vidole imechubuka kama kawaida. Nikamwambia habari za watoto, za bati linalovuja, za kila kitu. Saa ya ukutani ikafika tisa na dakika arobaini.

Wale watano walikuwa mlangoni, maana aliruhusiwa mtu mmoja tu kuingia. Ghafla Boi Pasi akashindwa kujizuia. "Boi Madoa!" akapaza kwa ile sauti yake ya mnadani. "Boi, amka!"

Kidole cha mume wangu kikacheza.

Muuguzi akamkemea Boi Pasi, akamsukuma nje. Daktari alikuwa amekiona kidole. Akaniangalia. "Umeona, mama? Mwite hivyo hivyo, karibu na sikio."

Niseme ukweli nilichokihisi. Nilihisi wivu. Miaka kumi na mitano ya ndoa nimelilinda jina lake kama mtu anavyolinda moto usizimike, na mwili wake umekwenda kuitikia lile la kuitiwa sinia. Niliwachukia wale watano, nikaichukia hoteli, na yeye nikamchukia kidogo, palepale amelala.

"Daktari, siwezi kusema neno lile."

"Kwa nini?"

Ningemweleza nini, habari za ukoloni? Saa ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili.

"Shemeji, tafadhali," Boi Pasi akasema kutoka ukumbini. Safari hii hakupaza. Alikuwa analia. "Lolote lile. Mrudishe tu."

Niliinama mpaka midomo ikagusa sikio lake. "Boi," nikasema. Lilikuwa zito mdomoni. "Boi Madoa. Amka."

Kope zikatikisika. Akafungua macho, yakazunguka darini, yakashuka polepole mpaka yakanipata. Alinitazama kwa muda mrefu kama mtu anayejaribu kujua yuko chumba gani. Midomo ilikuwa imekauka.

"Hata nyumbani?" akaniuliza.

Daktari akatabasamu, akaandika saa kwenye faili: mgonjwa ameongea. Akasema hiyo ndiyo dalili aliyokuwa akiingoja. Yeye alisikia maneno mawili ya mtu aliyezinduka. Sisi wengine tulisikia tulichosikia. Nilipogeuka, wale watano walikuwa wamesimama mlangoni bila kusukumana, na Boi Pasi, msemaji wao, alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Miaka kumi na tisa walikuwa hawajawahi kumuuliza kama linamuuma. Na mimi nilimuuliza mara moja tu, nikaridhika na mgongo wake.

Machozi yalikuwa yanamtoka mume wangu kwa pembeni, yanaingia masikioni.

"Nyumbani hapana," nikamwambia. "Nyumbani kamwe."

Nikamwita jina lake. Akaitika.